Kutoka Beredi hadi Barafu: Kiswahili katika Safari za Nchi za Baridi

Makala haya yametokana na swali nililoulizwa ofisini kwangu nikalijibu vibaya. Aliyeuliza ni binti mmoja aliyehitimu katika idara yetu miaka michache iliyopita, ambaye sasa anafanya kazi katika kampuni ya kusafirisha watalii hapa Kampala. Alikuja na kipeperushi cha rangi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kampuni yao ilikuwa imepata uwakala wa kuuza nafasi katika meli ndogo ziendazo Ncha ya Kusini, na kwa kuwa baadhi ya wateja wanatoka Dar es Salaam, Unguja na hata Maskati, mkubwa wake alimtaka aongeze ukurasa mmoja wa Kiswahili. Akampa wiki moja.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akaweka kipeperushi mezani. "Nimekwama. Lugha yetu haina maneno ya mahali hapa."

Nilifanya kile ambacho walimu wengi wa lugha tungefanya. Nilifungua kamusi nikamwandikia orodha: barafu, theluji, siwa barafu, mto wa barafu (wengine husema barafuto), pengwini, sili, dubu, nyangumi. Akainakili yote kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Lakini Mwalimu, karibu yote haya ni ya kuazima. Yetu ni yapi? Bosi ameshasema kama ni kuazima tu, basi tuuache ule ukurasa, kila mtu anasoma Kiingereza." Nilimpa hotuba fupi juu ya lugha zote kuazimana, akaaga akaondoka. Nilijua hakutosheka, na mimi mwenyewe sikutosheka.

Nimerudi vitabuni tangu siku ile, na yafuatayo ndiyo jibu ambalo ningempa kama ningekuwa nimejiandaa.

Kwanza tuitazame safari yenyewe. Kwa karne nyingi waliokwenda kwenye barafu za ncha za dunia walikuwa wawindaji wa nyangumi na sili, wanajeshi wa majini na wavumbuzi. Watalii walianza kupelekwa Antaktika kwa mpango unaofanana na wa leo mwaka 1966, na aliyewapeleka alikuwa Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani. Mwaka huo alikodi meli ya jeshi la majini la Ajentina. Mwaka 1969 akapata meli yake, Lindblad Explorer, iliyoundwa Ufini kwa ajili ya kazi hiyo: ndogo, yenye kubeba abiria mia moja hivi, na kuta zilizoimarishwa ili zihimili vipande vya barafu. Abiria walikuwa wakishushwa kwenye mashua za mpira, wakipelekwa ufukoni kuwatazama pengwini, na jioni wakirudi melini kusikiliza mihadhara ya wataalamu. Mpango huo haujabadilika sana mpaka leo. Wenye meli hizo waliunda chama chao mwaka 1991, na kwa kanuni zao wasishuke watu zaidi ya mia moja mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana meli ndogo ndiyo yenye faida kwa msafiri: katika meli kubwa mno atabaki kutazama kwa mbali. Ama meli ile ya kwanza, baada ya kubadilishwa majina na wenyewe, ilitobolewa na barafu ikazama karibu na visiwa vya Shetland ya Kusini tarehe 23 Novemba 2007. Watu wote 154 waliokuwamo waliokolewa.

Sasa, huyo Lindblad alikuwa na biashara nyingine. Kampuni yake ilikuwa ikiwaleta watalii kwenye mbuga za Afrika Mashariki. Nimekisoma tena kile kipeperushi nikiwa na jambo hili akilini, nami naona mfanano mkubwa: kundi dogo, kiongozi anayejua wanyama, chombo kinachosogea karibu bila ya kuwabughudhi, mazungumzo ya jioni. Sina ushahidi kwamba alikaa chini akasema, "Nitaichukua safari ya Serengeti niipeleke kwenye barafu," lakini mtu aliyeuza vyote viwili hakuwa na haja ya kusema. Na neno lenyewe limo. Katika kipeperushi kile cha Kiingereza, kwenye mstari wa pili, pameandikwa kwamba mteja atakwenda katika "safari" ya kuwaona nyangumi. Neno hilo liliingia Kiingereza katika karne ya 19 kupitia vitabu vya wasafiri kama Richard Burton, waliolisikia kwa wapagazi na viongozi wa misafara iliyotoka pwani yetu. (Na sisi tulilipata kwa Waarabu. Sisemi hivyo ili kulipunguzia heshima.) Binti yetu alikuwa akihangaika kutafsiri ukurasa ambao neno lake kubwa kuliko yote lilikuwa la kwake.

Tuje kwenye barafu.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akifanya kazi Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri. Asubuhi ile aliona kitu cheupe kileleni mwa mlima. Akamwuliza Bwana Kheri ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu chenyewe. Alimwambia kwamba huenda ni "beredi", ndivyo Rebmann alivyoliandika katika kumbukumbu zake, yaani baridi. Rebmann, ambaye kwao theluji huanguka kila mwaka, akaelewa papo hapo.

Wanafunzi wangu wakisikia kisa hiki hucheka, wakidhani Bwana Kheri alishindwa. Mimi naona alijibu vizuri sana. Hakuwahi kupanda kule juu. Alichokijua ni kile ambacho watu waliokaribia walikisema: kule kuna ubaridi unaoua. Akakiita kitu kwa tabia yake. Wachagga wenyewe, ambao hukiita kilele kile Kibo, walijua zaidi, na Rebmann aliporudi katika safari zilizofuata alielezwa kwamba kitu hicho kikipata joto hugeuka maji. Kwa hiyo kati ya Bwana Kheri na wenyeji wa mlima, habari yote ilikuwapo: ni cheupe, ni baridi, ni maji.

Mahali ambapo habari hiyo haikuaminika ni London. Habari za Rebmann zilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekuwa akiandika sana juu ya Afrika bila ya kuja huku, alikataa katakata kwamba pangekuwa na theluji karibu na ikweta. Mabishano yaliendelea kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima kwa kiasi mwaka 1861 na 1862 akathibitisha. Naomba hili likumbukwe kila tunapoambiwa kwamba lugha fulani ndiyo ya sayansi na nyingine ni ya sokoni. Mwaka 1848 aliyekuwa na ukweli ni yule aliyekuwa na neno moja tu, "beredi". Aliyekuwa na maktaba nzima ndiye aliyekosea.

Lakini ni kweli kwamba Kiswahili hakikubaki na beredi. Maneno mawili yalishika nafasi, theluji na barafu. La kwanza asili yake ni Kiarabu. La pili ni Kiajemi, na katika Kiajemi maana yake ni theluji, ile laini inayoanguka kutoka mawinguni. Katika Kihindi neno hilo hilo hutumika pia kwa ile ngumu, ya vipande, inayotiwa kwenye vinywaji. Kiswahili kinalitumia zaidi kama Kihindi, na kwa sababu hiyo mimi huamini kwamba lilitufikia, au angalau lilipata maana yake ya leo, kupitia Bombay na wafanyabiashara wa Kihindi na si moja kwa moja kutoka Uajemi. Wenzangu wa isimu wanaweza kunisahihisha. Tangu miaka ya 1830 meli kutoka Boston, Marekani, zilikuwa zikipeleka India vipande vya barafu vilivyokatwa kwenye maziwa wakati wa kipupwe na kufunikwa kwa unga wa mbao, kwa hiyo huko neno lilikuwa na bidhaa ya kulibeba. Leo Unguja na Dar es Salaam mtoto akikwambia anauza barafu, anauza juisi iliyogandishwa ndani ya kifuko cha nailoni. Neno lililoanzia kwenye milima ya Uajemi limeishia kwenye ndoo ya plastiki kituo cha daladala, na halina ugeni wowote tena. Ukimwuliza mtoto huyo kama barafu ni neno la kuazima atakushangaa.

Hapa ndipo ninapomfikia mtu ambaye nilipaswa kumtaja siku ile ofisini badala ya kufungua kamusi. Jina lake ni Salim bin Abakari.

Nilikutana naye mara ya kwanza nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, katika kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa zikitawanyika kila ukikifungua: *Safari za Wasuaheli*, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, na aliwaomba Waswahili aliowafahamu waandike au wasimulie safari zao. Wengi wanamjua Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kwa sababu ya kitabu cha desturi kilichofuata mwaka 1903. Salim hatajwi sana, nami sijui kwa nini. Alikuwa Mngazija, mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, aliyewahi kuwa msaidizi wa Hermann von Wissmann katika Afrika Mashariki. Mwaka 1896 Bumiller alifunga safari ya Urusi na Siberia akamchukua Salim. Walipita Petersburg na Moscow, wakasafiri katika mto Volga, wakaingia Siberia hadi kwenye milima ya Altai, na katika kurudi wakapitia Asia ya Kati na mji wa Samarkand. Habari ya yote hayo Salim akaitoa kwa Kiswahili.

Nasema tena: kwa Kiswahili, na mwaka ni 1896. Miaka hiyo, Kampala ilikuwa bado ni vilima vyenye ngome na kibuga, na reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa.

Siberia ya Altai si ncha ya dunia, na Salim hakufika kwenye bahari ya barafu. Sitaki kumfanya mvumbuzi wa aina ambayo hakuwa. Lakini kwa msomaji wa Bagamoyo au Moroni wa wakati huo, nchi ile ilikuwa mbali sawasawa na Antaktika ilivyo mbali na sisi, na tatizo la mwandishi lilikuwa lile lile la binti yetu: umwambieje mtu juu ya mahali ambapo lugha yako haijawahi kufika? Salim hakutengeneza istilahi. Aliandika kama wasafiri wengine wa Kiswahili walivyoandika habari za Manyema au Nyasa. Anakwenda mji baada ya mji. Anataja watu, dini yao, makao yao, vyakula vyao. Anaeleza jinsi alivyotazamwa na watu ambao hawakuwahi kumwona Mwafrika. Alipokutana na Watatari alikutana na Waislamu wenzake, na mara moja ugeni ukapungua. Yaani alitumia Kiswahili kilichokuwapo, chote, bila ya kukionea haya. Katika darasa la tafsiri huwa tunapoteza wiki tatu juu ya kuunda maneno. Ningependa siku moja tupoteze wiki hizo tatu kumsoma Salim.

Kuna safari ya tatu, na hii imetufikia hapa Uganda.

Mwaka 1888 Henry Morton Stanley alikuwa karibu na Ziwa Albert katika msafara wa kumtafuta Emin Pasha. Mamia ya watu wake waliajiriwa Unguja, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Mwezi Aprili wasaidizi wake wawili waliuona mlima mweupe, na mwezi Mei akauona yeye. Stanley anaandika kwamba kijana mmoja ndiye aliyemwonyesha mlima ule, mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi. Wazungu walioandika baadaye wamelitaja jambo hili kama kichekesho. Lakini tazama ramani. Kusini mwa milima hiyo liko ziwa la Katwe, ambako chumvi imekuwa ikichimbwa kwa karne nyingi na kufanyiwa biashara katika eneo lote. Kitu cheupe, kigumu, kinachometameta juani, mtu wa nchi ile alikijua kimoja, nacho ni chumvi. Kama beredi ya Bwana Kheri, lilikuwa jibu la mtu mwenye akili aliyetazama kwa mbali.

Barafu yenyewe ilisubiri miaka kumi na minane, mpaka mwaka 1906, na waliofika juu yake kileleni walikuwa watu waliozoea barafu ya Ncha ya Kaskazini. Kiongozi wao alikuwa Luigi Amedeo di Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyeitwa Duke wa Abruzzi. Mwaka 1899 alikuwa amenunua meli ya mbao ya Kinorwe ya kuwindia nyangumi na sili, jina lake Jason. Meli hii ilikuwa na historia ya ajabu: ndiyo iliyomfikisha Fridtjof Nansen kwenye pwani ya Greenland mwaka 1888, na baadaye katika miaka ya 1892 hadi 1894 Kapteni Carl Anton Larsen aliipeleka Antaktika. Duke akaibadilisha jina ikawa Stella Polare, yaani Nyota ya Ncha. Akapakia watu ishirini, Waitalia na Wanorwe, na mbwa zaidi ya mia moja wa kuvuta magari ya theluji, akaelekea visiwa vya Franz Josef. Mwezi Septemba barafu ya bahari iliibana meli ikaiumiza, nao wakalazimika kukaa nchi kavu kipupwe kizima katika giza. Duke mwenyewe aligandishwa vidole, viungo vya viwili vikakatwa. Kwa hiyo aliyeongoza kundi la mwisho ni msaidizi wake, Umberto Cagni, ambaye tarehe 25 Aprili 1900 alifika nyuzi 86 na dakika 34 kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote aliyejulikana kabla yake. Watu watatu walipotea kwenye barafu na hawakuonekana tena.

Miaka sita baadaye, Duke huyu alishuka Mombasa. Alikuwa na Cagni. Alikuwa na Dakta Cavalli Molinelli, aliyekuwa tabibu wa Stella Polare, na Joseph Petigax, mwongozaji wa milimani aliyetembea pamoja na Cagni mpaka kwenye zile nyuzi 86. Alikuwa pia na mpiga picha Vittorio Sella. Walipanda gari moshi hadi Kisumu, wakavuka ziwa hadi Entebbe, na katikati ya Mei wakaanza kutembea kuelekea Fort Portal, mwendo wa wiki mbili hivi, na msafara mrefu wa wapagazi nyuma yao. Tarehe 18 Juni 1906 walisimama juu ya vilele viwili vya juu kabisa vya Rwenzori, wakavipa majina ya malkia wawili, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Milima mingine ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na mmoja ukapewa jina la Duke mwenyewe. Kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109.

Juu kule, kwenye matope, mawe na mimea mikubwa kama miti, waliobeba mizigo walikuwa Wakonzo. Nao hawakuhitaji kuambiwa kitu kile ni nini. Katika Lukonzo theluji ni *nzururu*. Milima ni makao ya Kitasamba, mwenye enzi anayekaa katika nzururu, na hawakukwea huko kwa mchezo. Neno hilo limo katika Rwenzururu, jina la vuguvugu la kisiasa lililoanza mwaka 1962 na la ufalme ambao serikali iliutambua mwaka 2009. Maneno "beredi", "chumvi", barafu na theluji yalitoka kwa watu waliotazama kwa mbali au walioletewa habari na wengine. Wenyewe walikuwa na neno lao siku zote, hapa hapa Uganda, umbali wa siku moja kwa basi kutoka ofisini kwangu. Hata Waganda wana *omuzira*, ijapokuwa hilo ni la mvua ya mawe kwanza, na barafu ni maana iliyoongezwa. Nilipokuwa nikimwandikia binti yule orodha yangu ya kamusi sikulikumbuka hata mara moja. Na kati ya yote niliyoyakosa siku ile, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Linaniuma kwa sababu nyingine pia. Picha za Sella za mwaka 1906 zipo, na kwa kuzitumia wanasayansi wamelinganisha. Wakati wa Duke barafu ya Rwenzori ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba sita na nusu hivi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, ambao wataalamu wa Makerere walishiriki, ulionyesha kwamba kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Tangu hapo imezidi kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu iliyobaki katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, yaani ya Rwenzori, Kilimanjaro na Mlima Kenya, inatarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Kasese mwaka huu anaweza kuwa mtu mzima wa makamo akawaeleza wanawe kwamba nzururu ilikuwa kitu unachoweza kukiona asubuhi kukiwa hakuna ukungu. Kipeperushi kinawaambia wateja waharakishe kuiona barafu ya Antaktika kabla haijabadilika. Hakuna aliyechapa kipeperushi kama hicho kwa ajili ya Margherita, au kama kipo hakijanifikia.

Duke hakuisahau Afrika Mashariki. Alianzisha mashamba makubwa Somalia, kando ya mto Shabelle, kwenye mji ambao leo unaitwa Jowhar, na alifia huko mwaka 1933.

Nimebakiwa na nyangumi. Katika orodha yangu ya siku ile neno hili lilikuwa la mwisho, na kama ningekuwa makini lingekuwa la kwanza. Halina asili ya Kiingereza; wavuvi wa pwani walikuwa nalo kabla ya meli yoyote ya watalii. Walilihitaji. Nyangumi wenye nundu, wale wale ambao wasafiri wa meli ndogo hulipa fedha nyingi kuwatazama wakila katika maji ya Antaktika wakati wa kiangazi cha kusini, hupanda kaskazini kila mwaka kuzalia katika maji ya joto ya Afrika Mashariki. Kati ya Julai na Septemba huonekana wakiruka mbele ya Watamu na Kizimkazi. Mvuvi wa Kizimkazi ambaye hajavuka hata Pemba anamjua mnyama wa Ncha ya Kusini kwa macho yake, na mtoto wake humwona akiwa ndama. Na ambari, ile mali iliyokuwa ikiokotwa ufukweni na kuuzwa kwa bei kubwa Arabuni, hutoka tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine. Kwa hiyo sehemu moja ya ulimwengu wa barafu ilikuwa ikitujia wenyewe kila mwaka, tukaipa jina letu, na tukafanya nayo biashara.

Niliyaeleza haya kwa simu, kwa ufupi zaidi, jioni kabla ya siku yake ya kukabidhi kazi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuanza na nyangumi badala ya pengwini. Nikamwambia aanze. Ukurasa ulioidhinishwa baadaye ninao hapa mezani. Unaanza Kizimkazi mwezi wa Agosti, unamfuata nyangumi kusini mpaka kwenye barafu, na unatumia neno safari mara tano. Siwa barafu amelieleza badala ya kulitaja tu: kisiwa cha barafu kilichomeguka kutoka nchi kavu kinaelea baharini. Pengwini amebaki pengwini. Hakuna neno nililoliona limemshinda, isipokuwa moja: mlio wa barafu inapomeguka na kuangukia majini, ambao kipeperushi cha Kiingereza kimeulinganisha na mzinga. Aliandika "mshindo" kisha akaukata kwa kalamu, akauliza pembeni kama lipo neno bora.

Sikuwa nalo. Lakini Wakonzo wameishi chini ya barafu hiyo kwa vizazi vingi, na huenda wanalo. Wasomaji wetu wanaotoka Kasese na Bundibugyo, pamoja na wenzetu wa upande wa Kongo, wanaombwa kuleta idarani maneno yote ya Lukonzo wanayoyajua, au watakayoyapata kwa wazee wao, kuhusu nzururu: hali zake, rangi zake, sauti zake, na namna inavyoyeyuka. Andikeni neno, maana yake, kijiji lilikosikika, na umri wa aliyelisema. Wanafunzi wa mwaka wa pili watayapanga likizo itakapoanza.